Swali Linalotangulia Namba: Kipimo cha Damu na Saratani ya Ovari

Kipimo cha damu kinachotajwa zaidi katika saratani ya ovari kinaitwa CA-125. Hakitoi jibu la ndiyo au hapana. Kinatoa namba, inayohesabiwa kwa yuniti katika kila mililita, na pembeni mwa namba hiyo maabara huchapa mpaka: 35. Aliye chini ya 35 huambiwa yuko sawa. Aliye juu huambiwa namba imepanda. Wasiwasi huanzia hapo, na makosa pia huanzia hapo, kwa sababu namba haimjui mtu inayemsoma. Uaminifu wake hautokani na chupa ya damu peke yake. Unatokana pia na umri wa mwanamke, dalili alizonazo, magonjwa yaliyozoeleka mahali anapoishi, na sababu iliyofanya damu yake itolewe.

Tamaa ya kupata kipimo cha damu kwa ugonjwa huu inaeleweka. Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyojificha chini ya tumbo, kulia na kushoto kwa mji wa mimba. Hazionekani kwa macho wala hazifikiwi kwa urahisi kama shingo ya kizazi au titi. Uvimbe unaweza kukua humo kwa muda mrefu bila kuuma, na dalili zinapojitokeza huwa zile zile za maradhi ya kila siku: tumbo kujaa gesi, kushiba haraka, maumivu chini ya kitovu, kukojoa mara kwa mara. Matokeo yake ni kwamba wanawake wengi hugunduliwa ugonjwa ukiwa umeshatapakaa tumboni. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2022 wanawake wapatao 324,000 waligunduliwa na saratani ya ovari duniani, na wapatao 207,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Ni vifo karibu viwili kwa kila wagonjwa watatu wapya. Mbele ya hesabu ya namna hiyo, kila mtu angependa tone la damu liseme ukweli mapema.

Kipimo kinaweza kuonekana imara kikitazamwa kutoka maabara ya Boston au London. Kikitazamwa kutoka Mishamo, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, maswali huongezeka. Mishamo ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 katika misitu ya Mpanda ya wakati huo, kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Yaligawanywa katika vijiji, watu wakapewa mashamba, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku; miaka mingi baadaye wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Kwa ugonjwa unaozungumzwa hapa historia hiyo ina uzito wa kitabibu. Saratani ya ovari ya aina iliyo ya kawaida huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Msichana aliyevuka mpaka mwaka 1972 akiwa na miaka 15 alizaliwa 1957. Leo ameshaupita umri huo kwa miaka mingi. Kizazi kilichofungua mashamba ya Mishamo ndicho kilichoingia katika umri wa hatari.

Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania watu wamezoea vipimo vya namna nyingine. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya kimelea chenyewe: tone la damu, subira ya dakika chache, kisha mstari mmoja au miwili. Kipimo cha VVU hutafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya kirusi, na hata hapo mtu hapewi majibu chanya kwa kipimo kimoja. Hufuata kingine cha kuthibitisha. Katika vipimo hivyo viwili kinachosakwa ni mgeni, au alama aliyoiacha mgeni. CA-125 haina mgeni. Ni sehemu ya protini kubwa ya mwili wenyewe iitwayo MUC16, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 2001. Hutengenezwa na utando unaofunika viungo vya tumboni, utando wa mapafu, utando wa moyo, ukuta wa ndani wa kizazi na mirija ya uzazi. Seli nyingi za saratani ya ovari huitengeneza kwa wingi, lakini chochote kinachochokoza tando hizo kinaweza kuimwaga kwenye damu. Aliyelielewa jambo hilo moja ameshaelewa nusu ya udhaifu wa kipimo hiki.

Mpaka wa 35 una asili yake. Mwaka 1981 Robert Bast, Robert Knapp na wenzao walitangaza huko Boston kingamwili waliyoiita OC125, iliyoshika seli za saratani ya ovari. Mwaka 1983 wakachapisha kipimo cha damu kilichotokana nayo. Walipima watu 888 wenye afya, na asilimia 1 tu walivuka 35. Walipima watu 143 wenye magonjwa yasiyo saratani, na asilimia 6 walivuka. Walipima wanawake 101 wenye saratani ya ovari, na asilimia 82 walivuka. Kisha waliwafuatilia wagonjwa 38 kwa muda, wakaona kwamba kupanda au kushuka kwa namba kulikwenda sambamba na kuongezeka au kupungua kwa ugonjwa mara 42 kati ya 45.

Takwimu hizo ni nzuri, lakini zinahitaji kusomwa kwa makini. Wanawake 101 walikuwa wamekwisha kujulikana kuwa na saratani kabla ya kupimwa. Hakuna aliyekuwa akitafutwa. Wenye afya walikuwa wenye afya kweli, bila maji tumboni, bila homa, bila maumivu ya nyonga. Kipimo kilionyesha uwezo wa kumfuata mgonjwa anayejulikana, na hiyo ndiyo kazi kilichoifanya vizuri tangu mwanzo. Mpaka wenyewe ni makubaliano: mwili hauna ukuta uliojengwa kati ya 34 na 36. Wanawake ambao bado wanapata hedhi huwa na namba ya juu kidogo kuliko waliokoma. Aidha, tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wanawake Weusi, kwa wastani, huwa na CA-125 ya chini kuliko Wazungu, hata miongoni mwa walioshikwa na ugonjwa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hilo si dogo. Mpaka uliowekwa kwa damu za watu wa kwingine unaweza kumwambia mwanamke mgonjwa wa hapa kwamba hana tatizo.

Orodha ya mambo yanayopandisha CA-125 bila saratani ni ndefu. Hedhi yenyewe huipandisha. Miezi ya kwanza ya ujauzito huipandisha. Vivyo hivyo uvimbe wa kawaida wa kizazi ambao wengi huuita fibroidi, ugonjwa wa endometriosisi, na maambukizi ya via vya uzazi ambayo wanawake wengi huyafahamu kwa jina la PID. Nje ya uzazi wapo wagonjwa wa moyo ulioshindwa kusukuma damu, wenye maji kwenye mapafu, na wenye ini lililosinyaa kwa homa ya ini au maradhi mengine ya muda mrefu hadi tumbo likajaa maji. Fibroidi ni jambo la kawaida mno kwa wanawake wa Afrika, na PID isiyotibiwa vizuri hupatikana kila wilaya. Kwa hiyo ile asilimia 6 ya Boston haiwezi kuhamishwa kuja Katavi kana kwamba magonjwa ni yale yale.

Kati ya yote hayo, kifua kikuu cha tumbo kinastahili nafasi yake. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo haukai kifuani tu. Kwa watu wanaoishi na VVU hasa, huenda kwenye tezi, mifupa na utando wa tumbo. Mwanamke mwenye kifua kikuu cha tumbo huja akiwa amekonda, tumbo limejaa maji, hamu ya chakula imepotea, homa inamjia jioni. Altrasaundi huonyesha maji na utando ulionenepa, pengine na uvimbe karibu na ovari. CA-125 yake husoma mamia, na mara nyingine hupita 1,000. Kila kitu kinafanana na saratani iliyoenea. Wapo waliopasuliwa kwa dhana hiyo, na daktari akakuta punje ndogo nyeupe zilizotapakaa kwenye utando, ambazo uchunguzi wa kipande cha nyama ulibaini kuwa kifua kikuu. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa za kumeza, kwa kawaida kwa miezi sita, na namba hushuka yenyewe. Mtu aliyeambiwa ana saratani iliyofika mwisho, akarudishwa nyumbani kusubiri kifo kwa sababu ya namba tu, anaweza kufa kwa ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Kwa upande wa pili, namba ndogo haimsafishi mtu. Katika hatua ya kwanza, ugonjwa ukiwa bado ndani ya ovari na nafasi ya kupona ikiwa kubwa, ni karibu nusu tu ya wagonjwa ambao CA-125 yao huvuka mpaka. Kipimo basi ni dhaifu zaidi pale kinapohitajika zaidi. Aina nyingine za saratani ya ovari, hasa zile zinazotengeneza ute mzito, mara nyingi hazitoi protini hii kwa kiwango cha kugundulika. Wasichana na wanawake vijana hupata uvimbe wa aina tofauti kabisa, unaotokana na seli za mayai. Huo hufuatwa kwa vipimo vingine vya damu, yaani AFP, hCG na LDH, na hutibika vizuri ukiwahiwa. Binti wa miaka 16 mwenye uvimbe tumboni na CA-125 ya 20 hajaambiwa lolote la maana. Ameulizwa swali lisilo lake.

Hata pale kipimo kinapofanya kazi yake vizuri, hesabu ya ugonjwa adimu hukiangusha. Katika hesabu za nchi za Magharibi huchukuliwa kwamba kati ya wanawake 2,500 waliopita miaka 50, wasio na dalili yoyote, mmoja ana saratani ya ovari. Tuseme wanawake 2,500 wa umri huo wanakusanywa kutoka vijiji vya Mishamo na jirani zake, wote wanapimwa damu siku moja, na kipimo kinakosea kwa asilimia 1 tu ya wasio wagonjwa. Watakaoambiwa namba imepanda bila kuwa na ugonjwa ni 25. Mgonjwa mmoja halisi ana nafasi kama nne kwa tano ya kukamatwa. Hivyo wanawake wapatao 26 watafungashwa kwenda Mpanda, na wengine Mbeya au Dar es Salaam, ili apatikane mmoja, kama naye hakuponyoka. Kosa likiwa asilimia 5, jambo linalowezekana kabisa mahali penye kifua kikuu, fibroidi na PID, wasafiri wasio wagonjwa watakuwa 125. Namba ni ile ile na mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Safari hiyo haiishii kwenye nauli. Uvimbe wa ovari unaoshukiwa haudungwi sindano ovyo, maana seli zinaweza kumwagika tumboni. Mara nyingi ukweli hupatikana kwa kuutoa mzima kwa upasuaji. Jibu la damu lililokosea linaweza kumpeleka mwanamke mzima chini ya kisu. Hilo limepimwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowaandikisha wanawake 78,216 wenye miaka 55 hadi 74, kati ya 1993 na 2001, uliwagawa makundi mawili: moja likapimwa CA-125 na altrasaundi kila mwaka, jingine likaendelea na huduma ya kawaida. Majibu yalitangazwa mwaka 2011. Katika kundi lililopimwa, saratani ya ovari iliua wanawake 118. Katika kundi la huduma ya kawaida iliua 100. Wanawake 3,285 walipewa majibu ya uongo ya kuwa na tatizo, 1,080 kati yao walipasuliwa, na 163 wa waliopasuliwa walipata angalau dhara moja kubwa.

Uingereza ilijaribu kwa njia ya busara zaidi. Kati ya 2001 na 2005 wanawake 202,638 wa miaka 50 hadi 74 waliandikishwa katika utafiti ulioongozwa na Ian Jacobs na Usha Menon. Badala ya kumhukumu kila mtu kwa 35, watafiti walitazama jinsi namba ya mwanamke mwenyewe inavyobadilika mwaka hadi mwaka, na altrasaundi ikafuata pale mabadiliko yalipotia shaka. Ugonjwa uligunduliwa mapema zaidi katika kundi lililopimwa kwa njia hiyo; idadi ya waliokutwa katika hatua ya kwanza iliongezeka. Hata hivyo, majibu ya mwisho yaliyochapishwa mwaka 2021, baada ya ufuatiliaji wa zaidi ya miaka 16, hayakuonyesha kupungua kwa vifo. Hilo ni fundisho gumu. Kugundua mapema na kuokoa maisha ni mambo mawili, na la kwanza haliburuti la pili kila mara. Inawezekana saratani zilizo kali zaidi zilikuwa zimeshasambaa hata zilipokamatwa mapema kidogo. Siku hizi inajulikana kwamba nyingi za aina hiyo huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, mahali ambapo chembe zake hudondokea moja kwa moja tumboni.

Katikati ya juhudi hizo yalizuka matangazo ya haraka. Mwaka 2002 ilidaiwa kwamba mpangilio wa protini katika damu unaweza kutambua saratani ya ovari karibu bila kukosea. Wataalamu wa takwimu waliporudia hesabu, madai hayakusimama. Mwaka 2008 kipimo kingine kilichokuwa kimeingizwa sokoni Marekani kiliondolewa baada ya mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kuhoji uhalali wake. Mwaka 2016 mamlaka hiyo hiyo iliwaonya wanawake na madaktari wasitegemee vipimo vinavyouzwa kwa ajili ya kuchunguza saratani ya ovari kwa watu wasio na dalili. Protini nyingine, HE4, imekuja kusaidiana na CA-125. Haisumbuliwi sana na endometriosisi, lakini hupanda figo zinapodhoofika. Hadi leo hakuna kipimo cha damu kilichothibitika kupunguza vifo kwa kuwapima wanawake wote.

Je, kipimo hiki kina kazi gani basi? Kinayo, na ni kubwa, swali likiwa sahihi. Kazi ya kwanza ni kwa mwanamke mwenye dalili. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020, uliowaangalia wanawake 50,780 waliopimwa CA-125 na madaktari wa ngazi ya msingi, ulionyesha kwamba kati ya waliovuka mpaka, 10 katika kila 100 walikuwa na saratani ya ovari. Kwa waliofika miaka 50 walikuwa 15 katika kila 100. Kwa walio chini ya hapo walikuwa zaidi kidogo ya 3. Namba iliyokuwa karibu kelele tupu kwa mwanamke asiye na dalili inakuwa sababu ya kutosha ya kumpeleka mwenye dalili kwenye altrasaundi.

Kazi ya pili ni pale uvimbe umeshaonekana na linaloulizwa ni nani aufanyie upasuaji, na wapi. Mwaka 1990 Jacobs na wenzake walipendekeza hesabu inayozidisha vitu vitatu: alama ya altrasaundi, alama ya hedhi, na namba ya CA-125. Altrasaundi isiyo na jambo la kutia shaka hupewa 0, yenye jambo moja hupewa 1, yenye mawili au zaidi hupewa 3. Mambo yenyewe ni uvimbe wenye vyumba vingi, sehemu ngumu ndani yake, uvimbe pande zote mbili, maji tumboni, na dalili za kusambaa. Mwanamke anayepata hedhi hupewa 1, aliyekoma hupewa 3. Tuchukue CA-125 ya 120. Kijana mwenye uvimbe wenye jambo moja la shaka anapata 1 mara 1 mara 120, yaani 120. Bibi aliyekoma hedhi, mwenye uvimbe wa vyumba vingi na maji tumboni, anapata 3 mara 3 mara 120, yaani 1,080. Mpaka uliopendekezwa ulikuwa 200. Wa kwanza anaweza kushughulikiwa karibu na kwao. Wa pili anastahili kuwahishwa kwa bingwa wa saratani za wanawake. Damu ni ile ile, na hukumu zinaachana mara tisa. Hata hesabu hii haitofautishi vizuri saratani na kifua kikuu cha tumbo, ndiyo maana makohozi, picha ya kifua na maji yaliyovutwa tumboni yanapaswa kuchunguzwa kabla ya kisu.

Kazi ya tatu ndiyo ile ya mwaka 1983: kumfuata mgonjwa aliye kwenye matibabu. Namba ikishuka kwa kasi baada ya upasuaji na dawa za dripu, tiba inafanya kazi. Isiposhuka, madaktari wana sababu ya kufikiri upya. Kwa kazi hii ni vema damu ipimwe kila mara katika maabara ile ile na kwa mashine ya aina ile ile, kwa kuwa mashine tofauti hutoa namba zinazotofautiana hata kwa damu moja. Mgonjwa aliyepimwa Mbeya kabla ya tiba na Dar es Salaam baada yake anaweza kuonekana amepona au amezidiwa kumbe kilichobadilika ni kitendanishi. Hata hapa pana kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwatazama wanawake waliokwisha kupata nafuu kisha namba ikaanza kupanda bila dalili. Nusu walianza dawa mara moja, nusu walisubiri dalili. Walioanza mapema hawakuishi zaidi. Walichoongezewa ni miezi ya kutumia dawa kali.

Kwa mwanamke wa Mishamo, ngazi za rufaa zinaanzia zahanati na kituo cha afya, zinapita hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mpanda, kisha hospitali ya kanda Mbeya, na mwisho taasisi kama Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda. Ngazi ya chini haina haja ya CA-125 ili kufanya kazi ya maana. Mhudumu wa zahanati anaweza kuuliza: tumbo limeanza kujaa lini, linajaa siku ngapi kwa mwezi, chakula kinashuka, haja ndogo ikoje, hedhi ilikoma lini. Dalili hizo zikiwa mpya, zikitokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi, kwa mwanamke aliyepita miaka 50, uzito wake hauhitaji mashine. Pale ambapo tarehe ya kuzaliwa haikuandikwa popote, swali la hedhi linatosha, na kwa bibi anayejieleza vizuri zaidi kwa Kirundi, mkalimani ni sehemu ya kipimo. Mkono unaweza kugusa uvimbe. Altrasaundi, inayopatikana karibu kuliko maabara ya CA-125, inaweza kuuona.

Yapo pia matumaini ya uongo ya kuondoa. Wanawake wengi wamepimwa kwa siki katika vituo vya afya wakaambiwa hawana saratani. Kipimo hicho ni cha shingo ya kizazi, ugonjwa mwingine wenye chanzo kingine; ndio huo unaokingwa kwa chanjo ya HPV iliyoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018. Siki haizioni ovari, wala chanjo hiyo haizilindi. Mwanamke mwenye majibu mazuri ya siki na tumbo linalozidi kujaa bado anatakiwa kurudi. Na katika miji, pale vipimo vya saratani vinapouzwa kwa furushi moja la kupima mwili mzima kwa watu wasioumwa, CA-125 ndani ya furushi hilo haina faida iliyothibitika.

Kundi moja tu lina sababu ya pekee ya kufikiria hatari yake kabla ya dalili: wenye mama, dada, shangazi au bibi waliougua saratani ya ovari au ya titi, hasa wakiwa na umri mdogo. Wanaorithi hitilafu katika jeni ya BRCA1 wana hatari ya maisha ya takriban asilimia 44 ya kupata saratani ya ovari; kwa BRCA2 ni takriban 17, wakati kwa wanawake kwa ujumla ni kama 1 hivi. Kwao pia kinachookoa ni kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa, kwa ushauri wa bingwa. Kupima damu kila mwaka hakujaonyesha kuokoa maisha yao.

CA-125 ni shahidi mzuri anapoulizwa aliyoyaona, na shahidi hatari anapoachiwa atoe hukumu. Asiye na dalili asiinunue. Mwenye dalili asiridhike kwa sababu imesoma chini ya 35, wala asikate tamaa kwa sababu imesoma 500 kabla kifua kikuu hakijatafutwa na altrasaundi haijafanyika. Na kila mwanamke anayeletewa karatasi yenye namba hiyo, awe Mishamo au Muhimbili, ana haki ya kumuuliza daktari swali moja: kipimo hiki kilikuwa kinatafuta nini kwangu?